Maneno ya Jikoni Kwetu

Kila nikisikia harufu ya ufuta unaoungua kidogo juu ya makaa, hupandwa na hasira kwanza, njaa huja baadaye. Nimelelewa ndani ya harufu hiyo, katika nyumba ya bibi yangu mzaa baba, kwenye vichochoro vya Kiponda, Mji Mkongwe. Bibi alikuwa akipika mikate ya ufuta ya kuuza. Unga aliupiga kwa mkono, kwa tui zito la nazi, mpaka ukawa unavutika, akaumimina kwenye chuma, akaunyunyizia ufuta, kisha akakipindua chuma kizima juu ya makaa bila ya mkate kuanguka, jambo ambalo mimi nikilijaribu hadi leo huwa nalisha majivu. Dirisha la jiko lilitazama kichochoro, na lilikuwa na pazia jeupe lililokwisha kuwa la rangi ya moshi. Wateja walisimama nje, Bibi alikaa ndani, na mkono wake ulitoka chini ya pazia na mkate, ukarudi. Wanaume wa mtaa ule, wengine wao wakinunua kwake tangu utoto wao, hawakupata kuuona uso wake sawasawa. Njiani alipita na buibui lake kama wanawake wengine wa rika lake. Lakini sauti yake waliijua wote. Ilikuwa sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo, isiyo na haraka. Iliitikia salamu, ikauliza hali za wagonjwa, ikawatania waliooa karibuni, na wenye pupa ikawaambia, "Ngoja, mwanangu, mkate haukukimbii."

Wazazi wangu walikuwa Uroa, baba akisomesha huko, nami nililetwa mjini nisome. Nyumba ile tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na Shangazi Zuhura, dada yake baba na binti pekee wa Bibi. Shangazi alikuwa mrefu, mcheshi, hodari wa kushona, na msimu ninaouzungumzia alikuwa ameposwa. Upande wa mume ulikuwa wa watu waliojivunia nasaba yao. Wakikaa hawamalizi kikombe cha kahawa bila ya kukutajia babu wa babu yao na mji aliotoka. Sisi nasi tulikuwa na la kujibu. Tulikuwa tukiambiwa kwamba bibi yake Bibi, yule mzaa mama, alitoka kisiwani Ngazija pamoja na kaka yake mfanyabiashara, na sanduku la nguo. Nyumbani aliitwa Bi Mngazija, basi, na hakuna aliyeuliza zaidi. Katika mji wetu mtu huulizwa anatoka wapi kabla hajaulizwa anakwenda wapi, na anayepata jibu zuri halichokonoi.

Katika hali hiyo akaja Rukia. Alikuwa kijana wa Tanga aliyekuwa akisoma chuo kikuu cha nje, na masomo yake yalikuwa kuhusu watu: wanavyoishi, wanavyooana, wanavyohesabiana ujamaa. Jirani mmoja ndiye aliyemleta kwa Bibi, akaeleza kwamba mgeni anataka nyumba ya kukaa miezi kadhaa ili asome maisha ya wanawake wa mjini. Bibi alicheka. "Watu nao husomwa?" aliuliza. "Haya, mkaribishe, tuone kama tunasomeka." Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Bibi hakungoja hiyo ya tatu. Alimpa mbuzi ya kukunia na nazi siku ile ile. Rukia alikaa juu ya mbuzi, akakuna nazi nyeupe bila kugusa kifuu, na kwa Bibi ule ndio uliokuwa mtihani wote. Kuanzia hapo alikuwa mtoto wa nyumba.

Nami nilimpenda, lazima niseme, na ndiyo maana mpaka leo naumia. Alilala kwenye mkeka karibu na kitanda changu. Tulikula sinia moja, tukagombania ukoko. Aliswali na Bibi, akamfunga Shangazi nywele, akaamkia wazee wa mtaa kwa shikamoo zilizotimia. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga na alitaka cha hapa, basi kila akikosea nilimsahihisha, naye akaniita "mwalimu wangu" mbele za watu. Mtoto wa umri wangu akiitwa mwalimu na mtu wa chuo kikuu hukua kwa kipimo cha shubiri nzima. Nilimuuliza siku moja mbona yeye hatuulizi sisi maswali, na kazi yake aliyojia ni kuuliza. Alinijibu kwamba walimu wake wamemfundisha kuwa maswali huharibu majibu. "Ukitaka kumjua mtu, kaa naye. Fanya anachofanya. Atakwambia mwenyewe." Niliona ni maneno ya hekima, na kwa kweli ni ya hekima. Wezi wazuri pia hukaa kwanza na watu.

Kitu kimoja tu alikiuliza waziwazi, nacho ni ujamaa wetu. Alitandika karatasi kubwa sakafuni akanifundisha kuchora ukoo: mwanamke duara, mwanamume pembe tatu, ndoa mistari miwili, watoto wananing'inia chini. Nilifurahi mno. Nilimchora baba, nikamchora Shangazi, nikampa duara kubwa Bibi, juu yake mama yake, na juu ya huyo duara la Bi Mngazija. Rukia akamgeukia Bibi, aliyekuwa akichambua mchele, akamuuliza kwa upole, "Na huyu, Bibi, wazee wake nani? Na yule kaka yake, tumuweke wapi?" Bibi aliendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Huyo muache hivyo hivyo." Rukia hakusema neno. Aliacha duara lile linaelea juu ya karatasi, bila mstari wa kwendea popote, na karatasi akaibandika ukutani, tukawa tunapita mbele yake kila siku. Nimesoma mengi tangu wakati ule na sasa najua kwamba kunyamaza nako ni namna ya kuuliza.

Haikupita muda mrefu Bibi akamwita Rukia jikoni, akasema ana maneno. Rukia, lazima nimpe haki yake, alifuata taratibu zote za kazi yake. Alikuja na kinasa sauti chake kidogo, na kabla ya kukiwasha alimsomea Bibi masharti, mimi nikiwapo: kwamba anaweza kukataa, kwamba anaweza kunyamaza akitaka, kwamba jina lake halitatajwa popote wala picha yake haitaonekana. Akamuuliza kama yuko radhi. Bibi aliona masharti yote yale ni adabu ya ziada. "Weye mtoto wa hapa," alimwambia, "n'nakwambia kama mwanangu. Fanya utakavyo." Kisha nikaambiwa niende nikacheze. Mlango wa jiko, ambao siku zote ulikuwa wazi, ukafungwa. Ulifungwa tena kesho yake, na tena. Shangazi alikuwa akipita akitabasamu, akidhani mama yake anamsimulia mgeni mambo ya unyago. Aijuaye siri ya mtungi ni kata, na sote tulidhani kata ya nyumba ile ni Zuhura.

Msimu huo ulikuwa mzuri, ndiyo balaa yake. Nyumba ilijaa matayarisho ya harusi. Mawaridi yalikaushwa kwenye ungo, liwa likasagwa na karafuu, na singo ya kumsugua bibi harusi mwili ikawekwa ndani ya bakuli lenye kifuniko. Desturi ya kwetu, bibi harusi huingia ndani siku chache kabla ya ndoa, husingwa mwili mzima, hafanyi kazi, hatoki, na humo ndani ndimo wakubwa wake wanamomwambia yale yasiyosemwa barazani. Shangazi alikuwa anazihesabu siku za kuingia ndani. Rukia naye alikuwa anamaliza kazi yake, lakini hakutaka kuondoka kama watafiti wengine waliochukua maneno ya watu wakapotea nayo ughaibuni. Yeye alitaka kurudisha. Alisema hivyo kwa fahari, na Bibi akamwombea dua. Akaandaa mkutano kwenye ukumbi mmoja karibu na bahari, upande wa Shangani, baada ya sala ya alasiri, akawaalika watu wa mtaa wetu na wote waliomsaidia. Bibi hakwenda. Kumbi hazikuwa mambo yake. Alitutuma mimi na Shangazi, tumsikilizie.

Ukumbi ulijaa. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, na safu ya mbele kabisa aliketi Bi Thuwaiba, mama wa mchumba, kwa kuwa naye alikuwa amehojiwa. Rukia alizungumza vizuri. Alitusifu. Alisema historia ya mji huu imeandikwa kwa majengo na milango, na sasa ni wakati wa kuwasikiliza wanawake wenyewe. Akasema atatusikilizisha mama mmoja ambaye kwa heshima hatamtaja jina, wala mtaa, wala hataonesha picha yake. Akabonyeza kitufe. Sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo, isiyo na haraka, ikajaa ukumbi mzima: "Bibi yangu mie hakuja na sanduku, wala hakuja na kaka."

Kwa nyuma, upande wa wanaume, mtu mmoja akasema, wala si kwa ubaya, kwa furaha tu ya kumtambua mtu wake: "Si Bi Mkubwa wa mikate huyo?"

Vichwa viligeuka kututazama. Rukia hakusikia, au alisikia asielewe. Huko alikosomea, mtu ni jina na sura. Ukishavificha hivyo viwili umemficha. Miezi yote ile aliyokaa nasi, akiyaandika mapishi na mavazi, hakuliona hata siku moja lile pazia la dirishani, wala hakujiuliza wanaume wa Kiponda wanamjuaje mwanamke wasiyemwona. Angemtaja jina tu, nusu ya ukumbi wasingejua ni nani, maana wengi hata jina lake hawakuwa nalo. Kinasa kikaendelea. Soko la watumwa lilikwisha fungwa, ilisema sauti ya Bibi, lakini watu walikuwa wakiuzwa bado, nyumba kwa nyumba, kwa siri. Bibi yake alinunuliwa awabembeleze watoto wa watu, na mwenyewe mtoto. Mambo ya Ngazija waliyatunga baadaye, ili wajukuu wapate kukaa na watu. Na kila sauti ilipofikia jina, la yule bibi kwa wazee wake, la kijiji chake, la bwana aliyemnunua, Rukia alikuwa amelikata. Palisikika mlio mwembamba, kisha maneno yakaendelea upande wa pili. "Jina lake la kwao alikuwa anaitwa," alisema Bibi, ukaja mlio. Bi Thuwaiba alikaa mpaka mwisho, akanywa sharbati yake, akatupa mkono wa kwaheri kwa adabu kamili, akaondoka.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika, Bibi alikuwa anapanga mikate, akatuuliza mkutano umekwendaje. Shangazi alivua buibui, akaketi chini mbele yake. Nilitegemea atalia kwa sababu ya ndoa, maana hata mimi niliona imekwenda. Hakuitaja ndoa.

"Mama," alisema, "mgeni kajua kabla yangu mie."

Bibi alielewa mara moja. Aliiacha mikate, mikono imejaa unga. "N'likuwa nakungoja uingie ndani," alisema. "Mama yangu alinambia mie nikiwa ndani, na yeye aliambiwa hivyo hivyo. N'litaka nikwambie umetulia, kabla hujenda nyumba ya watu. Lakini yale maneno sijapata kuyatoa mdomoni toka nilipopewa. Nikaona nijaribu kwanza kwa Rukia, nisije nikalia mbele yako."

Hilo ndilo jambo ambalo sijaweza kumsamehe Rukia. Aibu ya utumwa si yetu, ni ya walionunua, na leo naweza kulisema mbele ya yeyote. Lakini Bibi alikuwa na kitu kimoja cha kumpa binti yake, alichokipokea kwa mama yake, na alikuwa amekitunza ujana na uzee wake wote. Alikuwa akijizoeza jinsi ya kukitoa. Rukia akakipeleka ukumbini, akakigawa pamoja na sharbati.

Alikuja kesho yake, macho yamevimba. Watu walikuwa wamekwisha kumweleza. Aliketi jikoni mahali pake pale pale, akaanza kusema kwamba yeye alificha jina, kwamba alimsomea Bibi masharti na Bibi akakubali.

"N'nakumbuka," alisema Bibi. "Ulinambia jina langu hutolitaja, na hukulitaja. Umetimiza."

"Sasa nimekosa wapi, Bibi?"

Bibi alimmiminia chai, akampa mkate. "Ulikaa jikoni kwangu, nikakupa maneno ya jikoni. Ungekaa barazani ningekupa ya barazani, ukayapeleke utakako. Kula, mwanangu, mkate unapoa." Na Rukia alikula, huku analia, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyejua namna ya kukataa chakula cha Bibi. Mimi nilisimama mlangoni. Aliponyoosha mkono kunishika kichwa, akaniita mwalimu wangu, niliondoka nikapanda juu. Alisafiri juma lile. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, lakini hawasemi kwamba nguo yenyewe huwa umemvalisha wewe.

Upande wa mume haukuvunja posa. Watu wa mjini hawavunji. Walituma ujumbe kwamba wameonelea tungoje kwanza, na tukangoja, na singo ikakauka ndani ya bakuli mpaka ikapasuka. Shangazi na mama yake waliendelea kuishi nyumba moja, wakisalimiana asubuhi na kuulizana chumvi. Shangazi alikuwa na mengi ya kuuliza na kiburi kikamzuia. Bibi alikuwa na mengi ya kusema na haya ikamfunga mdomo. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze. Mikate iliendelea kuuzwa, ila mkono ulitoka chini ya pazia na mkate, ukarudi, bila neno. Wateja walitoa salamu, nikaziitikia mimi. Bibi alifariki ghafla, nikiwa skuli ya sekondari, na hawakuwa wamezungumza.

Siku hizi naishi Mpendae, na wanafunzi wa utafiti hunigongea mlango mara kwa mara. Wanakuja na karatasi za ridhaa ndefu kuliko ile ya Rukia, simu zao zinanasa sauti vizuri kuliko kile kinasa, na wengi ni watoto wazuri, wamelelewa. Nawapa chai. Nawaeleza bei za samaki, mapishi ya pilau, michezo ya Mwaka Kogwa, na chochote kingine ambacho hata wakikitangaza kwenye spika ya msikiti hakitamtoa mtu machozi. Wakinambia wamekuja kuishi na sisi, si kuuliza, nawaambia bora waulize. Enzi ya Bibi, mtu aliyekula sinia moja nawe alikuwa amekwisha kula kiapo. Sasa sinia ni sinia na kiapo ni karatasi, na pengine ni salama zaidi, ila naona tumekuwa watu wa barazani mpaka ndani ya nyumba zetu. Miaka michache nyuma nilimtafuta Rukia, nikampata kwa simu. Ni mtu mkubwa chuoni kwao. Nilimwomba kanda za Bibi. Alinisikiliza vizuri, akasema zimo kwenye hifadhi ya chuo na zimefungwa, kwa ajili ya kumlinda aliyesimulia. Hata yeye hana ruhusa ya kuzitoa. "Tunamlinda na nani?" nilimuuliza. "Na sisi?" Nikamwomba basi anitajie jina moja tu, lile la yule mtoto. Akasema, na nadhani alisema kweli, kwamba halikumbuki.

Shangazi Zuhura aliolewa baadaye na seremala mmoja wa asili ya bara, ambaye Shangazi mwenyewe alimweleza kila alichokijua kabla hajakubali posa yake, naye seremala akamwuliza tu kama hizo ndizo habari zote mbaya. Wanakaa Chukwani. Hivi karibuni binti yao naye alikuja kuposwa, na nikaitwa kusaidia kupokea wageni. Walikuja wazee watu wazima, na kanzu zao, wakaanza maneno ya mzunguko kama kawaida. Shangazi aliingia na sinia la haluwa na kahawa, akaliweka chini, wala hakutoka.

"Kabla hamjala," alisema, "bibi wa mama yangu alinunuliwa hapa mjini, mtoto mdogo. Huyu mnayemtaka katokana naye. Kama hilo linakukereni, kuleni haluwa yetu, mwende salama, hatuna kinyongo."

Wazee walitazamana. Aliyekuwa mkubwa wao, mzee mwembamba mwenye miwani, aliweka kikombe chake chini taratibu. "Halitukeri, Bi Zuhura," alisema. "Watu wangapi humu mjini si hivyo hivyo, ila hatusemi. Natumrehemu kwanza huyo mama, ndipo tule. Alikuwa anaitwa nani, tumtaje?"

Shangazi alifungua mdomo. Alinitazama mimi, nami nikatazama sinia. Yule mzee alingoja, akadhani tumeshikwa na uchungu, akainua mikono akaanza kusoma fatiha, bila ya jina.